Jason Sendwe na viti vilivyobaki wazi mu Bunge la Katanga

Mujini Lubumbashi, jina la Sendwe linatajwa kila siku. Mama amebeba mutoto mugonjwa, shofere wa taksi anamuuliza fasi ya kushuka, jibu ni moja tu: Sendwe. Kwa watu wengi hilo ni jina la hospitali, basi. Vijana wengi hawajui kama mbele ya kuandikwa ku mulango wa hospitali, lilikuwa jina la mutu aliyekuwa infirmie, mwalimu na muhubiri, kisha akawa mupinzani mukubwa wa Moïse Tshombe mu siku za kujitenga kwa Katanga.

Historia yake wanaizoea kuieleza kwa bunduki: majandarma, vijana wa Balubakat, vijiji vilivyochomwa upande wa kaskazini. Lakini mbele ya bunduki kulikuwa hesabu. Hesabu ya viti mu Bunge la jimbo, mwezi wa sita 1960. Kila upande ulijaribu kukamata mwingine kwa kanuni za kikao. Upande mumoja ukaondoka mu chumba, mwingine ukaenda kutafuta sheria mupya Ubelgiji. Na wakati sheria ile ilipopatikana, kilichobaki ni vita.

Mutoto wa Mwanya

Jason Sendwe alizaliwa mwaka wa 1917 ku Mwanya, mu teritwari ya Kabongo, inchi ya Baluba wa Katanga. Leo Kabongo iko mu jimbo la Haut-Lomami. Alisoma mu masomo ya misioni, akawa mwalimu, akahubiri pia. Alipenda kazi ya uganga, lakini wakati ule mulango wa kuwa munganga mukubwa ulikuwa umefungwa kwa mutu mweusi. Congo ilifika ku uhuru bila kuwa na munganga hata moja wa kizalendo aliyemaliza universite. Mweusi mwenye akili aliweza kufika ku kazi ya infirmie, na fasi ile njo Sendwe alifika.

Kazi ya infirmie ilimufanya ajulikane na watu wa kila namna. Mutu anayefunga kidonda anasikia mambo ambayo chefu wa teritwari hasikii. Alijua pia ginsi ya kusema mbele ya watu, juu alizoea kanisa. Mwaka wa 1958, wakati Brussels ilipofanya maonyesho makubwa ya dunia, Sendwe alikuwa kati ya Wakongomani waliowekwa kusaidia upande wa Congo. Kule Wakongomani wa majimbo mbalimbali walikutana, mambo ambayo ukoloni haukupenda sana kuyaona inchini. Wakarudi na maulizo mengi.

Muji uliogawanyika

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa kuangalia Élisabethville ya siku zile, ambayo leo ni Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka mbali, zaidi sana kutoka Kasaï. Watoto wa wale wafanyakazi walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakapata kazi za ofisi. Mwezi wa kumi na mbili 1957, Wabelgiji walipanga kwa mara ya kwanza uchaguzi wa wakuu wa komine. Mu komine ine za watu weusi, wakuu wote waliochaguliwa walikuwa watu wenye asili ya inje ya Katanga: watatu wa Kasaï na moja wa Kivu.

Uchungu wa ile uchaguzi njo ulizaa chama cha Conakat mwezi wa kumi 1958, pamoja na Godefroid Munongo, kisha Moïse Tshombe, mutoto wa tajiri wa Kilunda. Conakat ilisema Katanga iongozwe na wenyeji wa Katanga. Neno lile lilipendeza watu wengi, na Baluba wa Katanga nao walikuwa wenyeji. Kwa hiyo mwezi wa pili 1959, chama cha Sendwe, Balubakat, kiliingia mu Conakat.

Ndoa ile haikuvuka mwaka. Wazungu walowezi wa Katanga waliingia nao mu Conakat, na mazungumzo ya kuitenga Katanga, ao kuifanya ijitawale karibu peke yake, yakazidi. Sendwe hakutaka. Kwake, Katanga ilikuwa sehemu ya Congo moja. Tena Baluba wa kaskazini na Baluba wa Kasaï walikuwa na undugu wa zamani. Kufukuza hawa kulikuwa kukata mukono wa ndugu. Mwezi wa kumi na moja 1959 Balubakat ikatoka. Ikaungana na ATCAR, chama cha Watshokwe, na FEDEKA, shirika la watu wenye asili ya Kasaï. Muungano ule ukaitwa Kartel.

Mwanzo wa 1960, Sendwe na Tshombe walikaa wote wawili ku Meza ya Mviringo, Brussels, fasi tarehe ya uhuru ilipowekwa: tarehe 30 mwezi wa sita. Walirudi wakiwa na miezi michache tu ya kutayarisha uchaguzi.

Viti 60, na hesabu ya 40

Uchaguzi ulifanyika mwezi wa tano 1960. Bunge la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Conakat ilipata 25. Kartel ilipata 22. Viti 13 vilivyobaki vilienda kwa watu wasiokuwa na chama na vyama vidogo. Hakuna aliyepata nusu. Lakini wengi wa wale wasiokuwa na chama walielekea upande wa Conakat, na kila mutu aliona kama Tshombe ataweza kufikisha wingi.

Kartel haikukubali matokeo. Ilisema viti havikulingana na nguvu yake mu kura, na uchaguzi haukuenda sawa mu fasi zingine. Sendwe mwenyewe alikuwa amechaguliwa mu Bunge la taifa Léopoldville, fasi Kartel ilipata viti 7 na Conakat 8. Lakini yeye njo alikuwa kichwa cha chama, na wabunge wa jimbo walitafuta kwake musimamo.

Hapo njo waliona silaha mu karatasi. Inchi ilikuwa inaongozwa na Sheria ya Musingi, ambayo Ubelgiji ilitoa tarehe 19 mwezi wa tano 1960. Katiba ile ya muda ilisema kama ili Bunge la jimbo lichague serikali, inapashwa theluthi mbili za wabunge wawe ndani ya chumba. Ile njo wanaita koramu: hesabu ya watu wanaopashwa kuwapo ili kikao kiwe na nguvu. Bila koramu, hata kama waliopo wote wanakubaliana, kura yao ni bure.

Hesabu ni nyepesi. Theluthi mbili za 60 ni 40. Ukitoa wabunge 22 wa Kartel, wanabaki 38. Wawili wanakosekana. Hata kama kila mubunge mwingine angetoka kitandani na homa kuja mu kikao, serikali haingeweza kuchaguliwa bila Kartel.

Basi wabunge wa Kartel wakakataa kuingia. Viti 22 vikabaki wazi. Hakuna aliyepigwa, hakuna nyumba iliyochomwa. Ilikuwa namna ya kumulazimisha mwenye wingi akae chini na kuzungumza: mu serikali ile, nani atapewa nini, na Katanga itakaa mu Congo ao hapana. Mu mabunge mengi ya dunia, upinzani unatumia njia ile ile wakati hauna wingi wa kushinda kura lakini una watu wa kutosha kuzuia kura. Nguvu yake ni wakati. Kila siku inayopita inamuumiza zaidi yule anayetaka kuongoza.

Na wakati ulikuwa mufupi kweli. Mwanzo wa mwezi wa sita, uhuru ulikuwa umebakiza wiki ine.

Sheria inageuzwa katikati ya muchezo

Conakat haikwenda kuzungumza na Sendwe. Ilielekea kwa Wabelgiji. Ilisema Kartel inafunga jimbo lote kwa kukaa inje, na Katanga itafika ku uhuru bila serikali. Walowezi na watu wa biashara walisukuma nao. Ubelgiji, ambayo bado ilikuwa na uwezo wa kutunga sheria juu ya Congo, ikakubali. Tarehe 15 mwezi wa sita 1960, siku 15 mbele ya uhuru, Bunge la Brussels likageuza ile kifungu. Theluthi mbili haikuwa tena kizuizi. Wingi wa kawaida ukatosha kwa kikao kuendelea.

Kesho yake, tarehe 16, Bunge la Élisabethville likachagua serikali. Tshombe akawa mukuu wa jimbo. Kartel ikabaki inje kabisa.

Watu waliotetea lile geuzo walikuwa na neno lao. Inchi inayopata uhuru bila serikali ya jimbo ni hatari, na wachache hawawezi kufunga mulango milele. Lakini Baluba wa kaskazini waliona jambo lingine. Kanuni iliyowekwa tarehe 19 mwezi wa tano haikufika hata mwezi moja. Iliwekwa ili mwenye wingi mudogo asichukue jimbo peke yake, na siku ilipoanza kufanya kazi yake, mwenye kuiandika akaifuta. Tena haikufutwa Élisabethville na wabunge waliochaguliwa na watu wa Katanga, ilifutwa Brussels.

Kwa upande wa Sendwe, kosa liko pia. Kiti kilicho wazi kina nguvu wakati kanuni inasimama. Kanuni ikianguka, kiti kile hakizuii mutu, na mwenye kiti hana hata fasi ya kusema hapana. Kartel iliweka nguvu yake yote mu hesabu ya 40, na hesabu ile haikuwa mu mikono yake.

Kujibu kutoka Léopoldville

Sendwe hakuacha njia ya Bunge. Kama Élisabethville ilikuwa imefungwa, Léopoldville ilikuwa wazi. Mu Bunge la taifa Kartel ilisimama pamoja na Patrice Lumumba, na chama kikapata wizara ya sheria mu mikono ya Rémy Mwamba. Kisha ikaja hatua iliyomuchoma Tshombe zaidi: Sendwe alipitishwa kuwa Komisere wa Serikali ku Katanga. Komisere alikuwa jicho la serikali ya kati mu jimbo. Kwa njia nyingine, mutu aliyezuiwa ku mulango wa jimbo angerudi na barua ya Léopoldville mukononi, akae juu ya wale waliomufungia.

Kwa sheria, ilikuwa jibu la haki. Kwa siasa, Conakat iliona kama ni matusi. Ilikuwa pia haikuridhika na fasi chache ilizopewa mu serikali ya Lumumba. Kila upande sasa ulikuwa na Bunge lake, kila moja lenye wingi wake, na kila moja likitumia wingi ule kumubana mwenzake. Hakukubaki meza moja ya kuwakutanisha.

Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku chache nyuma ya jeshi kuasi na askari wa Ubelgiji kuingia, Tshombe akatangaza Katanga ni inchi huru. Sendwe hakuweza kuja kuchukua kazi yake. Mwezi wa munane, Bunge la Élisabethville likapitisha katiba ya Katanga na kumufanya Tshombe mukuu wa inchi. Tarehe 14 mwezi wa tisa, Kanali Mobutu akasimamisha mambo ya siasa Léopoldville, na Bunge la taifa likafungwa. Ndani ya miezi mitatu, Sendwe alipoteza vyumba vyote viwili.

Vita ya kaskazini

Kule Kabongo, Manono, Kabalo na Nyunzu, watu wengi hawakutambua inchi mupya ya Tshombe. Walikuwa wamepiga kura kwa Kartel. Serikali ambayo haina hata mutu wao ndani ilitaka wailipe kodi na waiheshimu bendera yake. Vijana wa Balubakat wakaamka, wengi na mishale, mapanga na bunduki za kuwindia. Wakakata njia ya reli, wakavunja madaraja. Tshombe akatuma majandarma walioongozwa na maofisa Wabelgiji, baadaye na mamluki pia. Vijiji vikachomwa. Watu wakakimbilia mu pori.

Ile vita haikupendwa na kaskazini, na haikuwa safi kwa upande wowote. Majandarma waliua raia. Vijana nao waliua watu wasiokuwa na kosa, kwa kuwaza tu kama ni wa Conakat. Sendwe alikuwa kichwa chao kwa jina, lakini mutu aliye Léopoldville hawezi kushika mukono wa kijana aliye na mushale kilometa elfu moja mbali naye.

Mwezi wa kumi 1960, ONU ilipatana na Tshombe juu ya kuweka sehemu za kaskazini zisizo na mapigano. Sendwe akaenda kule akilindwa na ONU, ili kuwaomba watu watulie. Watu walimupokea kwa furaha. Tshombe alikasirika, akiona ONU inamuletea mupinzani wake mu nyumba. Utulivu haukukaa. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja, karibu na Niemba, vijana walishambulia askari 11 wa Ireland waliokuwa mu kazi ya ONU, tisa wakafa. Wale Waireland hawakuja kupigana na Baluba. Lakini fasi watu wamechomewa nyumba na watu wenye bunduki na magari, kila mwenye bunduki na gari anaonekana kama adui.

Mwezi wa kwanza 1961, watu wa Balubakat pamoja na askari waliotoka Stanleyville walikamata Manono na kutangaza jimbo lao, jimbo la Lualaba, chini ya Prosper Mwamba Ilunga. Jina lile lisichanganywe na jimbo la Lualaba la leo, ambalo muji wake mukuu ni Kolwezi. Mwezi ule ule, tarehe 17, Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville. Mwisho wa mwezi wa tatu, majandarma wakarudisha Manono. Na mwezi wa munane 1961, hofu ikaingia Élisabethville yenyewe: Baluba wa Katanga na wa Kasaï waliokuwa wakaaji wa muji wakaanza kukimbilia kwa ONU. Kufika katikati ya mwezi wa tisa, karibu watu 35,000 walikuwa wanalala mu kambi, mu muji ambao walifanya kazi miaka na miaka.

Lovanium: viti vya wengine vinabaki wazi

Mwezi wa saba 1961, wabunge wa taifa walikutana tena, safari hii ku universite ya Lovanium, Léopoldville. Askari wa ONU waliwafungia ndani: hakuna kutoka, hakuna silaha, hakuna feza ya kununua kura. Tshombe alikataa kutuma watu wa Conakat.

Mambo yaligeuka. Mwaka moja mbele, watu wa Sendwe njo waliacha viti wazi na wengine wakapiga kura bila wao. Sasa watu wa Tshombe njo walibaki inje, na kikao kikaendelea. Tarehe 2 mwezi wa munane serikali ya Cyrille Adoula ikapitishwa. Sendwe akawa naibu wa pili wa waziri mukuu, nyuma ya Antoine Gizenga. Serikali ile ikaweka kumaliza kujitenga kwa Katanga kama kazi yake ya kwanza.

Nyuma ya mapigano ya mwezi wa kumi na mbili 1961 kati ya ONU na majandarma, Tshombe alitia sahihi ku Kitona, tarehe 21. Alikubali Congo ni moja, na alikubali wabunge wa Katanga waende kukaa Léopoldville. Lakini aliporudi hapa kwetu, alisema yeye peke yake hana ruhusa. Inapashwa Bunge la Katanga lichunguze mapatano. Bunge likachunguza. Majadala yakaendelea mpaka katikati ya mwezi wa pili 1962, na jibu likatoka: serikali inaruhusiwa kuzungumza kwa musingi wa Kitona. Kuzungumza, si kutimiza. Bunge lilikuwa limemupa Tshombe kile alichohitaji zaidi, njo wakati.

Adoula na watu wa Kartel nao walikuwa na sheria yao ya kumubana. Mu mwaka ule wa 1962 Bunge la taifa lilianza kukata majimbo sita ya zamani kufanya majimbo madogo, ambayo mwishoni yalifika 21. Mwezi wa saba, Katanga ya Kaskazini ikatambuliwa kuwa jimbo. Kwa kura, bila risasi, nusu ya inchi ya Tshombe ikaondolewa mu karatasi. Kile Manono ilitangaza kwa nguvu mwaka wa 1961 sasa kilikuwa sheria. Mu Élisabethville wakubwa walikasirika, lakini ku kaskazini neno lile lilikuwa na uzito: mutu wa Kabongo hakupashwa tena kungojea ruhusa ya Bunge lililochagua serikali yake bila yeye.

Vita yenyewe iliisha kwa jeshi la ONU. Mwezi wa kwanza 1963 Tshombe akatangaza mwisho wa kujitenga, na ONU ikaingia Kolwezi. Mwezi ule ule, kama vile siasa inapenda kumucheka mutu, Sendwe naye akaondoka mu serikali ya Adoula.

Albertville, mwisho

Mwezi wa tisa 1963 Sendwe akawa mukuu wa jimbo la Katanga ya Kaskazini. Muji mukuu ulikuwa Albertville, leo Kalemie, ku ziwa Tanganyika. Alikuwa amefika fasi chama chake kilitafuta toka 1960. Lakini vita ilikuwa imeacha jimbo bila barabara, bila feza, na vijana waliojua kupigana kuliko kungoja. Balubakat yenyewe iligawanyika. Viongozi waliosimama pamoja juu ya Tshombe sasa walitafutana wenyewe kwa wenyewe.

Mwanzo wa 1964, mu Bunge la jimbo lake mwenyewe, Sendwe aliangushwa. Wapinzani wake, wengi waliotoka mu chama chake, walimuondolea imani. Alirudi ku kiti nyuma ya muda mufupi, lakini jimbo lilikuwa limekwisha kuona kama kiti kile kinatikisika. Waasi walikuwa wanakuja kutoka upande wa Kivu, na mu Albertville vijana wengi walikuwa tayari kuwapokea. Mwisho wa mwezi wa tano muji ukaasi. Askari wa serikali wakaurudisha. Katikati ya mwezi wa sita waasi wakarudi, askari wakakimbia. Tarehe 19 mwezi wa sita 1964, Jason Sendwe akauawa. Alikuwa na miaka 47. Wiki tatu nyuma yake, Moïse Tshombe, adui wake wa siku zote, akaitwa Léopoldville kuwa waziri mukuu wa Congo yote.

Waasi waliomuua walijiita warithi wa Lumumba, ambaye Sendwe alisimama naye. Wengi walikuwa watoto wa kaskazini ile ile. Vijana ambao mwaka wa 1960 waliambiwa kama Bunge limewaibia walikuwa wameacha kuamini Bunge lolote, hata lile lao.

Kilichobaki

Mwaka wa 1966 Élisabethville ikaitwa Lubumbashi, na kaskazini na kusini ya Katanga zikaunganishwa tena. Mwaka wa 2015 zikakatwa tena: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Leo Mwanya ya Sendwe iko mu jimbo moja, Kalemie alipofia iko mu lingine, na hospitali yenye jina lake iko mu la tatu.

Mu komine ya Lubumbashi, Bunge la jimbo la Haut-Katanga linakaa mu Jengo la 30 Juin. Kila mara wabunge wa upande moja wanapokosa mu kikao, karani anahesabu waliopo mbele ya kitu chochote kingine. Watu wanaopita inje wanaona ile kazi kama mambo ya karatasi tu. Mwezi wa sita 1960, mu muji huu huu, ile karatasi ilikosa majina mawili kufika 40. Wenye wingi wangeweza kuvuka barabara na kwenda kuzungumza na Sendwe ili kuyapata. Walipiga simu Brussels.